Haikuwa Baridi Iliyozima Jiko

Kabula alinipigia simu asubuhi, nikiwa nachambua maharage barazani kwangu hapa Kasense. Sikuitambua sauti yake, na sikuwa na sababu ya kuitambua, kwani mara ya mwisho kumsikia alikuwa msichana wa darasa la saba anayesoma kwa sauti kipande cha gazeti kilichofungia chumvi. Alinipa shikamoo, akajitaja, akasema baba yake amefariki kule bondeni na watazika kesho kutwa. Nikampa pole, nikangoja akate simu, maana habari ya msiba ikishafika huwa hakuna la kuongeza. Hakukata. "Baba aliacha neno," akasema. "Alisema asizikwe kabla mtani wake wa kule juu hajafika." Nikamuuliza, kama mtu asiyejua, mtani gani. Akasema, "Wewe, baba. Deo wa chuoni."

Wiki chache kabla ya simu hiyo nilikuwa nimepata mgeni, na mambo hayo mawili siwezi tena kuyatenganisha. Chuo nilichokifanyia kazi hadi kustaafu kimekua sana, kina majengo ya ghorofa na geti la chuma, na sasa kimeajiri binti wa kusimamia mazingira. Alikuja kwangu kwa bodaboda, viatu vimejaa vumbi, mchangamfu, mwenye heshima. Alinieleza kwamba wameagizwa waache kuni kabisa, kwamba wanapima mapaa kwa ajili ya umeme wa jua, wanavuna maji ya mvua, wanatenganisha taka za bwalo na za ofisi. Akasema ameliona kuba la matofali nyuma ya jiko la zamani, limejaa chupa na magunzi, na alipouliza akaambiwa mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. "Babu, ule mtambo wa gesi ulikufaje?" Nilimmiminia chai. Nikamwambia, "Baridi, mjukuu wangu. Ufipa ni baridi mno, samadi haichachi." Akaandika maneno yangu, akanishukuru, akasema basi hiyo ya gesi wataifuta kwenye mipango yao, haina maana kurudia kosa la wazee. Nilimsindikiza hadi barabarani nikijua kwamba nimesema uongo, na kwamba nimeusema kwa wepesi wa mtu aliyeuzoea.

Mwaka tulioujenga mtambo huo nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, ndevu zinahesabika, na cheo kimenizidi umri: msimamizi wa huduma. Maana yake jiko, maji, vyoo, kuni, na lawama zote. Ilikuwa enzi ya ruksa. Mjini Sumbawanga vitu vilivyopotea kwa miaka vilikuwa vimerudi madukani, sabuni za kunukia, betri, mafuta ya nywele, na mashati ya mitumba yalitundikwa sokoni hadi juu ya milango ya watu. Lakini ilikuwa kana kwamba kila kilichorudi dukani kimetolewa chuoni. Posho za wanachuo zilipunguzwa, dizeli ikawa ya kuombwa, vyuo vikaambiwa vijifunze kujiendesha. Lori letu la kuni lilikaa juu ya mawe likisubiri matairi. Asiyeijua Ufipa atadhani kuni ni jambo la kutoka nje na panga. Kwetu ni majani matupu. Unaweza kusimama mlangoni ukauona upepo unakuja kutoka mbali, unalaza nyasi, kabla haujakufikia. Kuni zetu zilitoka kwenye miteremko ya Lyamba lya Mfipa, na kila mwaka lori lililazimika kwenda mbele zaidi ya mwaka uliopita. Hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo la miti. Tuliliona kuwa tatizo la lori.

Jiko lilikuwa chumba kirefu chenye madirisha madogo juu karibu na paa, na kuta zake zilikuwa na masizi mazito kiasi kwamba ukiegemea unaondoka na alama ya ukuta begani. Humo alitawala Mama Skola, mpishi mkuu, mama wa Kikatoliki mwenye rozari shingoni na mwiko mrefu kama kasia. Alikuwa na kikohozi kilichosikika hadi ofisini kwangu. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima, na wanachuo wapya walidhani ni mkali au ni mlevi wa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kumbe ni moshi tu. "Mimi nikifa msihangaike kunizika," alikuwa akisema huku akipangusa macho kwa kanga. "Nimeshakaushwa. Nitundikeni tu darini kama migebuka ya ziwani." Wasaidizi wake walicheka, naye akacheka hadi kikohozi kikamkata. Nami nilicheka. Nilikuwa hodari wa kucheka miaka ile, na hodari zaidi wa kuchekesha. Nimefikiri sana juu ya kipaji hicho tangu Kabula aliponipigia simu.

Mkuu wa chuo, mtu nadhifu kutoka mkoa wa mbali, ndiye aliyeleta wazo la gesi ya samadi. Alikuwa ameuona mtambo wa namna hiyo huko alikotoka. Akaleta fundi, tukachimba shimo nyuma ya jiko, likajengwa kuba la matofali chini ya ardhi, na bomba likapita ukutani hadi kwenye majiko mapya ya chuma. Kazi yake si ngumu kueleza: unakoroga samadi na maji kwenye beseni la saruji, uji huo unateremka shimoni, unachacha, unatoa gesi, na makapi yanatoka upande wa pili yakiwa mbolea safi ya bustani. Tatizo lilikuwa moja. Chuo hakikuwa na ng'ombe.

Ng'ombe alikuwa nao Jilala. Alikuwa Msukuma aliyehama na familia yake kutoka kaskazini kutafuta malisho, akapiga kambi ng'ambo ya kijito chetu, na wakulima wa vijiji jirani walikuwa wameanza kumnung'unikia. Ng'ombe wake waliingia kwenye mahindi ya watu mara mbili tatu, na ilikuwa wazi kwamba mavuno yakiisha wangemfukuza. Mkuu alinituma kwake, nasi tukaelewana hivi: ng'ombe wake watalala katika zizi la chuo, karibu na mtambo, mchana watachungwa kwenye eneo letu lisilolimwa na kunywa maji yetu, na samadi yote itakuwa ya jiko. Kwa Jilala hilo lilikuwa zaidi ya malisho. Mtu aliye ndani ya eneo la chuo hakuna mkulima wa kumgusa. Naye hakuficha sababu yake. "Nataka kukaa mahali pamoja mpaka huyu mtoto afanye mtihani wa darasa la saba," aliniambia, akimwonyesha Kabula aliyekuwa anasugua sufuria kwa majivu. "Amehama shule mpaka walimu wanamwita mgeni. Akishafanya mtihani, mnifukuze mnavyotaka."

Siku ile ya kwanza nilimpa shikamoo, kwa kuwa alikuwa na umri wa kuweza kuwa kaka wa baba yangu. Aliikataa. "Shikamoo ya Mfipa siipokei mikono mitupu," akasema. "Nawajua ninyi. Mnasalimia vizuri, halafu usiku mnatutupia radi bila mvua." Nikamjibu kwamba radi haipotezi muda kwa mtu ambaye mkewe na ng'ombe wake wakizama mtoni, anauliza kwanza habari za ng'ombe. Alirudi nyuma hatua moja akanitazama, kisha akacheka, kicheko kirefu cha mtu mrefu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Basi wewe ni mtani wangu," akasema. "Imekwisha. Nitakutukana mpaka nife, na nikifa utakuja kunitukana kaburini." Wazee wanaojua mila watakwambia makabila fulani ni watani na mengine si watani, na sijui kama kabila lake na langu yamo. Sisi hatukuwauliza. Tuliutangaza utani wetu wenyewe pale kwenye mavi ya ng'ombe, na kuanzia hapo kila asubuhi tulikoroga samadi pamoja tukitukanana hadi wasaidizi wa jiko wakatoka nje kusikiliza.

Nakumbuka gesi ilipowashwa mara ya kwanza. Mama Skola hakutaka kusogea. Alisimama mlangoni na kiberiti, akasali kidogo, akawasha njiti, na moto wa buluu ukazunguka jiko kwa sauti ya mtu anayepuliza uji. Akauangalia. Akaweka sufuria ya chai. Baada ya kitambo akasema, polepole, "Naona hadi kule mwisho." Alimaanisha ukuta wa mwisho wa jiko. Kwa miaka yote aliyopika humo hakuwa ameuona wakati wa kupika. Gesi haikutosha kwa ugali wa wanachuo wote. Ugali uliendelea na kuni. Lakini uji wa asubuhi, chai na maharage vilipikwa kwa moto ule, na kuni zikapungua hadi nikaacha kuliulizia lori. Jioni nilikula na Mama Skola palepale jikoni, ugali wa ulezi na dagaa, wakati mwingine na maziwa ya mgando ambayo mke wa Jilala alituletea kwenye kibuyu. Kikohozi chake kilianza kusikika mara mojamoja tu. Nilijiona mtu mkubwa.

Ilipoingia baridi, mtambo ukalegea. Mwezi wa tano moto ulikuwa mfupi, mwezi wa sita ukawa wa kubembeleza. Fundi alikuwa ameshaondoka. Mkuu akasema huenda tuliharakisha. Hapo ndipo nilipopata wazo langu moja la maana katika maisha yangu ya kazi, na halikutoka shuleni. Kwetu tunalima kwa ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo ndani yake huzikwa majani mabichi ili yaoze na kurutubisha udongo. Kila mtoto wa Ufipa aliyewahi kuingiza mkono ndani ya ntumba mpya anajua kwamba mle ndani kuna joto. Nikamwambia Jilala tulizike kuba lote ndani ya ntumba moja kubwa. Alisema kwamba hajawahi kuona watu wanaolima juu ya jiko, lakini akaja na wanawe, tukafyeka majani mabichi kando ya kijito, tukayalaza juu ya kuba, tukamwaga samadi na kufukia kwa udongo, hadi pale nyuma ya jiko pakawa na kilima. Wiki ya pili moto ulirudi. Asubuhi za umande mweupe nilikuwa naona mvuke unatoka kwenye tuta letu, na Jilala amesimama juu yake anaota miguu. "Mfipa," aliniita, "leo umefanya uchawi wa faida."

Kwa hiyo haikuwa baridi. Baridi tuliishinda, na mimi ndiye niliyejua namna ya kuishinda, na miaka mingi baadaye nikamwambia binti wa watu kwamba ndiyo iliyotushinda.

Wanachuo walianza kunung'unika mapema, lakini kwa mzaha. Nilikuwa nawasikia kupitia dirisha la kupakulia chakula. "Hii chai ina harufu ya zizi." "Harufu iko puani mwako, mshikaji, wewe umekulia zizini." "Mimi nanywa tu. Posho yenyewe hainunui hata andazi, nikatae chai?" Hilo la posho ndilo lililokuwa jipu lenyewe. Kila wiki lilikuwa linavimba, na kila mtu chuoni alijua litapasuka, ila hakujua litapasukia wapi.

Lilipasukia kwangu, bwaloni, wakati wa chakula cha mchana. Jilala alikuwa ameingia na kibuyu cha mgando kwa ajili ya Mama Skola, shuka lake begani, fimbo mkononi. Kijana mmoja akamtania, "Mzee, leo ng'ombe wamekula nini? Sisi tuna njaa." Watu wakacheka kidogo. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha la kupakulia, na nilisikia kicheko kile kikielekea kwa mwingine. Nikakitaka. Nikasema kwa sauti ya kufika meza za nyuma, "Mnawasingizia ng'ombe bure. Ng'ombe wenyewe hawa waliokonda wanaweza kutoa moto wote ule? Mwulizeni mtani wangu, yeye na ukoo wake wanakwenda wapi kila alfajiri." Bwalo lote likalipuka. Nikaongeza, "Mimi nimewaona kwa macho yangu, wamepanga foleni kwenye beseni."

Anayeujua utani anajua kwamba mtani hakatai. Akikataa amekubali kushindwa. Kazi yake ni kulipokea tusi na kulirudisha likiwa kubwa zaidi. Jilala alisimama katikati ya bwalo, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kuigiza. "Sasa Mfipa, hiyo si ilikuwa siri yetu?" akasema. "Na wewe ndiye unayenishikia kopo la maji." Wakacheka. "Maharage ya leo yameiva upesi kwa sababu jana tulikula viazi." Wakacheka tena, lakini si wote. Kwenye meza ya karibu na mlango, kijana mmoja aliweka kijiko chini na kusukuma sahani mbele. Jirani yake akamtazama, naye akaisukuma yake. Nilikuwa bado nacheka nilipoona hilo.

Kesho yake uji ulirudi jikoni kama ulivyotoka. Mchana wanachuo walisimama mbele ya ofisi na sahani tupu, wakazigonga. Madai yao yalianza na posho, yakapita kwenye godoro na vitabu, yakaishia kwenye kinyesi cha watu. Hilo la mwisho ndilo walilolishika, kwa kuwa ndilo lililomtia kila mtu kichefuchefu. Walisema mfugaji mwenyewe amekiri mbele ya bwalo zima, na kweli maneno aliyasema.

Mkuu aliniita ofisini. Ilikuwa ofisi ya kupendeza, redio imefunikwa kitambaa cha kusokotwa, kalenda, viti vya mbao vilivyong'arishwa. Alikuwa amesimama dirishani akiwaangalia wanachuo. "La posho siliwezi, Deo," akasema. "Liko Dar es Salaam. La samadi naliweza." Akaendelea, bila kugeuka, kwamba ipo nafasi moja ya mafunzo ya ugavi Dodoma, kwamba alikuwa ananifikiria mimi, kwamba kule wanataka mtu mtulivu asiye na mambo. Kisha akageuka. "Huyu mfugaji ni kweli alifanya hayo?" Ningeweza kumjibu palepale, tukiwa wawili. Nilisema, "Sijawahi kumwona, Mkuu, lakini mimi silali zizini." Aliniangalia, akaitikia kwa kichwa taratibu. Nilitoka nikijua kwamba nimempa alichokitaka, na kwamba bado hajanilipa.

Baraza lilifanyika bwaloni. Mkuu alikaa kwenye meza ya mbele, walimu kando yake, wanachuo wamejaa hadi madirishani, Mama Skola amesimama mlangoni mwa jiko amefunga mikono. Jilala alipewa kiti akakataa kukaa. Alikuwa amevaa shati, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Mkuu akamwuliza kama ni kweli alisema maneno yale. "Niliyasema," Jilala akajibu, akatabasamu. "Na huyu Mfipa alinishikia kopo." Hakuna aliyecheka. Akatazama huku na huku, na nadhani ndipo alipoelewa alipo. Akasema kwa adabu, "Mheshimiwa, hayo ni ya utani. Huyu Deo ni mtani wangu. Yeye alinipiga, mimi nikamrudishia. Hakuna mtu wangu aliyelisogelea beseni ila kwa samadi. Mwulizeni mwenyewe."

Mkuu akanigeukia. "Deogratias, huyu ni mtani wako?"

Nilikuwa na jibu la kweli na jibu la salama, na nikachagua la salama. Nikasema, "Hapana, Mkuu. Wafipa na Wasukuma si watani."

Jilala alicheka. Alicheka kile kicheko chake kirefu, akaninyooshea kidole, akawaambia watu, "Mnamwona? Huyu Mfipa ni hodari." Alidhani huo nao ni utani. Alidhani nimempiga pigo la hatari kuliko yote, na kwamba baada yake nitakunjua uso, nitacheka, bwalo litacheka, na yote yatakwisha. Akangoja. Nilikuwa natazama birika la chai lililokuwa mezani mbele ya Mkuu, birika la bati lenye mdomo uliopinda, na hata leo naweza kulichora. Kicheko chake kilipungua kidogokidogo. Akasogea hatua moja kuelekea kwangu, akasema kwa sauti ya chini, ya kunikumbusha, "Deo. Malizia basi."

Sikumalizia.

Mtambo ulifungwa siku hiyohiyo na wanachuo wakashangilia. Hawakupata posho, lakini walikuwa wameshinda kitu, wakarudi darasani. Miaka mingi imenichukua kuelewa kwamba Mkuu aliununua utulivu wa chuo kwa bei ya vitu viwili visivyokuwa vyake, mapafu ya Mama Skola na makazi ya Jilala, na kwamba mimi ndiye niliyempokelea mzigo. Zizi lilivunjwa. Ng'ombe walipotoka tu katika eneo la chuo, wakulima walikuja wakiwa kundi na marungu, wakampa Jilala siku chache aondoke. Nilipita karibu na kambi yake wakati wanafunga mizigo. Nilijifanya nakagua bomba la maji. Kabula alikuwa amekaa juu ya gunia, amevaa sare ya shule. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa wiki chache mbele. Jilala aliniona. Hakunitukana. Kama angenitukana ningejua bado ni mtani wake. Aliinua mkono wake kunisalimu kama unavyomsalimu mtu wa njiani.

Mama Skola alirudia kuni. Siku ya kwanza ya moshi nilikwenda kula jikoni kama kawaida, akanipakulia, akaweka sahani kwenye dirisha la kupakulia, upande wa wanachuo. "Kula huko," akasema. "Huku kuna moshi, utaumia macho." Hakuwa na hasira katika sauti. Nilikula kule mpaka nilipoondoka kwenda Dodoma, kwa sababu, ndiyo, mafunzo niliyapata. Nilirudi na cheti, nikawa mtu wa ugavi, na kwa miaka yangu yote ya kazi iliyobaki niliidhinisha kuni. Nilikwenda na malori mwenyewe. Niliiona miteremko ikiachwa mitupu, kwanza upande wa barabara, kisha hadi kwenye mawe. Mama Skola alikufa kwa kifua kabla ya kustaafu. Kuba likageuzwa jalala, na tuta letu likaota magugu mazuri kuliko bustani yoyote ya chuo.

Baada ya simu ya Kabula nilimpigia yule binti wa mazingira. Nikamwambia, "Nilikudanganya. Haikuwa baridi." Akauliza ilikuwa nini. Nikajaribu kumwambia, nikashindwa, nikamwambia kwanza asiifute gesi kwenye mipango yake, mengine nitayaandika. Haya ndiyo niliyomwandikia. Namna ya kulizika kuba ndani ya ntumba nimemwandikia kwenye karatasi ya pembeni.

Niliteremka bondeni kwa gari la asubuhi. Kule chini kuna joto, hewa ni nzito, na nyumba ya Jilala ilikuwa ya matofali, imezungukwa na watu wengi kuliko nilivyotazamia. Kabula alinipokea. Ni mama mtu mzima sasa, ana mjukuu mgongoni. Nilimwuliza, bila kupanga, kama aliwahi kufanya mtihani ule. "Hapana, baba," akasema, "kule tulikofika mwaka ule hapakuwa na shule." Akanichukulia mfuko wangu, akanitangulia kwenda kaburini, na watu wakapisha njia wakinong'onezana: mtani amefika, mtani wa mzee amefika.

Mnajua kazi ya mtani msibani. Anazuia jeneza, anadai alipwe kwanza, anamwita marehemu mvivu aliyelala mchana, na watu wanaolia wanapata nafasi ya kupumua. Walikuwa wananingoja niwape nafasi hiyo. Nilisimama kwenye ukingo wa kaburi. Mkewe Jilala, bibi kizee mwembamba, alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele yangu. Nilitafuta tusi moja kati ya yale yote ya asubuhi za kukoroga samadi, na sikupata hata moja lililokuwa bado langu. Nikasema, "Mimi ni mtani wa huyu bwana. Nililosema bwaloni lilikuwa utani. Nililosema mbele ya baraza lilikuwa uongo."

Watu wakacheka. Walidhani ndiyo naanza. Kicheko kikapita kwa wanaume waliokaa chini ya turubai, kikawafikia vijana walioshika kamba za jeneza, na kutoka nyuma mtu mmoja akaita kwa uchangamfu, "Malizia basi, babu."

Mkewe Jilala hakucheka. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akawageukia wale vijana.

"Ameshamaliza," akasema. "Mpeni jembe."